Tuta la Makaburi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukipumua vizuri kuliko wiki iliyopita, na kwamba wauguzi wa hospitali ya huko Nuuk wamekubali kukupa nyama ya sili badala ya supu yao. Sisi hatujambo. Mbwa nao wazima, ila wamenenepa, maana barafu ya baharini ni nyembamba na hawavuti mzigo.

Najua unangoja habari za makaburini. Uliagiza tukuandalie mahali kando ya kaburi la Mama, na mawe ya kufunikia yakusanywe kabla ya theluji. Tulianza kuyakusanya.

Ndipo akafika Pilunnguaq, binti wa mwalimu wetu wa zamani, ambaye siku hizi anaishi mjini na kazi yake ni kupima milima. Alisema mto wa barafu umerudi nyuma sana, na kwamba tuta letu la makaburi, ambalo mto huo ulilisukuma na kuliacha zamani, si mawe matupu. Ndani mna barafu ya kale, nayo inayeyuka. Baba mdogo Gerth akamwambia huko mjini kwao barafu hukaa kwenye glasi, basi hii yetu atuachie wenyewe. Akaongeza kwamba wazee walizika pale kwa sababu mwamba wa kijijini hauchimbiki na pale mawe ya kufunikia ni tele, je, wangekosea wote? Pilunnguaq hakubishana. Alimwomba alaze sikio juu ya mawe. Gerth akalala kifudifudi, akasikia maji yakitiririka chini yake. Alipoinuka alisema labda ni tumbo lake, hajala tangu asubuhi. Hatukucheka.

Baba, tuta limebomoka. Upande wote wa mashariki umeporomokea ziwani, na kaburi la Mama limekwenda nalo. Tulitafuta kwa mashua, tukapata msalaba tu. Pilunnguaq anasema ziwa lile lina kina kirefu na tope jingi, tusitarajie zaidi.

Tulikusanyika kwa Gerth kuamua utalala wapi. Wengine walitaka nyuma ya kanisa, wengine baharini. Gerth akauliza kwa nini tunagombana na mwenyewe yupo, akamgeukia binti yangu Juditha, aliyepewa jina la Mama alipozaliwa, na kwa jina hilo Mama akaturudia, ndiyo maana wewe humwiti “mjukuu wangu” bali “mke wangu”. Alimwuliza mumewe azikwe wapi. Juditha alikuwa akitafuna ngozi ya nyangumi, alimeza kwanza. Akasema mumewe hajafa, mbona tumemwacha Nuuk peke yake.



Nitakuja na meli ya Ijumaa kukuchukua. Nimezungumza na daktari kwa simu. Alisema ukirudi nyumbani hutadumu. Nilimwambia tunajua, nawe unajua. Mahali pa kukulaza tutapaona wakati wake.

Gerth anakusalimu, na majirani wote. Mkeo anakusalimu pia. Ameshakutandikia kitanda, upande wa dirishani.

Ni mimi binti yako,
Bibiane