Kizimba cha Mjomba

Jumamosi, 11 Januari

Mjomba ametoka bandani! Sote tuna grisi mpaka masikioni.

Mjomba ni trekta. Alikuwa wa kaka yake Bibi, na siku alipoletwa kwetu, Baba, wakati huo mtoto mdogo, alisema mjomba amekuja kukaa. Jina likaganda. Bibi anasema linamfaa, maana ni mgeni wa kulishwa kabla hajagusa kazi. Amelala bandani tangu sijaanza shule. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti chake.

Baba alisukuma nyuma. Fundi Cheche, yule anayechomelea vyuma pale njia panda, alivuta kamba mbele. Mimi nikapewa usukani — mimi! — kwa sababu mimi ndiye mwepesi. Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kulia! Kulia, Maktaba! Mkono wa kalamu!"

(Maktaba ndiye mimi, kwa ajili ya vitabu. Nimezoea.)

Juani Mjomba anaonekana mdogo kuliko nilivyomdhania. Nyekundu yake imekuwa rangi ya tofali. Hana paa, hana nguzo, kiti tu kule juu. Baba akatangaza: mvua zikianza, Mjomba atalima shamba la juu. Bibi akasema ataendesha yeye, nani mwingine anajua kulima naye? Kweli. Baba hajawahi hata kumkalia. Baba akasema sawa, Mama, lakini kwa kebini, kibanda cha kumkinga dereva. Bibi akasema basi hiyo kebini iende ikalime.

Cheche alicheka. Akaona anacheka peke yake, akaanza kukunja kamba.

Babu alifia chini ya Mjomba, kwenye mteremko wa shamba hilo hilo. Hilo nalijua tangu nijue kusema, halizungumzwi tu. Bibi alimwinua Mjomba, akamtengenezesha, akalima naye mpaka watoto wake wote wakamaliza shule.

Jumanne, 14 Januari

Nimepata kitabu cha zana za kilimo kwenye kabati la darasa. Hakina jalada, lakini kina sura nzima ya kebini! Nimesahau hesabu za kesho.

Kuna nguzo mbili nyuma ya kiti, kama goli la mpira, ili trekta likipinduka lisimlalie dereva. Rahisi, ila dereva ananyeshewa. Kuna nguzo nne na paa — kivuli unapata, na vumbi pia unapata. Halafu kuna kebini kamili ya vioo, yenye mlango. Baba anataka hiyo. Anasema sikio la kulia la Bibi lilikufa kwa kelele za bomba la moshi, na hilo la kushoto analitaka libaki. Cheche anajua mahali ilipotupwa moja, ya trekta kubwa. Lakini Mjomba ataivaa kama mtoto aliyevaa koti la baba yake! Na uzito wote utakuwa juu. Kitabu kinasema uzito ukikaa juu, trekta hupinduka upesi zaidi.

Nilitaka kumwambia Baba wakati wa chakula. Nilijipanga kabisa. Nikafungua mdomo, nikaomba chumvi.

Bibi kuhusu vioo: "Mimi si mkate wa kuwekwa kabatini nitazamwe."

Jumamosi, 18 Januari

Cheche amefungua injini. Pistoni hazijaganda! Pampu ya dizeli ndiyo chafu, ina utando kama maziwa yaliyolala. Anasema Mjomba atapona.

Mimi nilipewa msasa na madigadi la kulia, lile bati nene juu ya tairi la nyuma. Kutu kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Panatosha kukalia mtoto, rangi imekwisha, chuma kimelainika kama kijiko. Nikataka pale pakwaruzwe pia, rangi mpya ipate kushika. Bibi akaniwahi.

"Hapo paache. Hapo pangu."

Nikahamia upande wake wa kushoto, anakosikia. Akanieleza, bila kunitazama. Kabla hajawa dereva, alikuwa akikaa pale. Babu kwenye usukani, yeye anamtazamia plau nyuma. Kwa kelele zile husikilizani, kwa hiyo alikuwa akimpiga begani. Mara moja, punguza. Mara mbili, simama.

Siku ile alimpiga mara mbili.

"Mjomba alikuwa ameshaanza kulala upande. Mimi niliruka. Babu yako akang'ang'ania usukani."

Akachukua msasa mkononi mwangu, akasugua mahali ambapo tayari palikuwa pamesuguliwa.

"Aliyeruka ndiye huyu unayemwona. Haya niambie, Maktaba. Ndani ya kizimba cha vioo ningerukia wapi?"

Nina kitabu kizima. Nikaenda kukifungua.

Jumapili, 19 Januari

Kitabu kinasema usiruke. Wanaoruka wengi huangukiwa. Na bado Bibi yuko jikoni hivi sasa, anamgombeza paka. Nani kakosea?

Nimesoma ukurasa ule tena, polepole. Kumbe kuna sentensi nimeipita: mkanda wa kumfunga dereva kitini ni kwa trekta lenye nguzo. Lisilo na nguzo, usijifunge kabisa. Basi Bibi na kitabu hawagombani! Kila mmoja anasema juu ya trekta lake. Mjomba wa siku ile hakuwa na cha kumkinga mtu. Kuruka kulikuwa bahati nasibu. Bibi akashinda, na sidhani kama amewahi kuufurahia ushindi huo. (Hilo la mwisho halimo kitabuni. Ni langu.)

Lakini nguzo bila mkanda ni kazi bure. Utarushwa nje, halafu nguzo zile zile zikuangukie.

Nilimuuliza Baba anakumbuka nini. Alikuwa akipiga viatu rangi, hakuinua kichwa. Alikuwa shuleni siku ile, akasema. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa mlangoni, ana tope upande mmoja tu wa mwili, toka nywele mpaka kisigino. Hakuuliza kwa nini upande mmoja. Mpaka leo hajauliza.

Sikumwambia kwamba Bibi aliruka. Si langu la kusema.

Jumamosi, 25 Januari

Nimesema mbele ya watu! Sentensi tatu, moja ndefu.

Cheche alikuja na chaki kupima vyuma. Nikasema: kabla ya kukata, tujenge kebini ya fito na kamba, Bibi akae ndani, tuone. Uso ukanichoma. Halafu Cheche akasema, "Mtoto ana akili. Fito zina msamaha, chuma hakina."

Basi tukafunga fito. Baba akashika ya kushoto, Cheche ya kulia, mimi na michoro yangu mizuri yenye vipimo vyote. Bibi akapanda. Alipanda kama mtu anayeingia chumbani kwake, hata hakutazama mguu unakanyaga wapi. Akakaa. Na palepale akageuka nyuma!

Michoro yangu yote mtu anatazama mbele. Wa kitabuni anatazama mbele, mimi nikamnakili. Na nilimchora mrefu kama Baba. Kumbe mwenye kulima nusu ya kazi yake iko nyuma, na Bibi hugeukia kulia, na fito yangu ilisimama hasa mbele ya jicho lake.

"Plau imepotea," akasema. "Nani kaiba plau?"

Tukasogeza.

"Nje. Nje tena. We mwanangu, nasema nje! Nani kiziwi hapa, mimi au wewe?"

Baba akacheka! Fito zikatoka mpaka nje ya madigadi, pana, mbili tu kwa nyuma, na nyingine mbili nyembamba mbele za kushikia paa. Bibi akatazama nyuma kulia, nyuma kushoto. Akasema, haya, naiona. Baba akasema polepole kwamba basi vioo tuachane navyo, Mama atavaa viziba masikio. Wakati anasema hivyo alikuwa ameegemea boneti. Mkono mzima juu ya Mjomba. Sidhani kama alijua.

Ndipo nikataja mkanda. Bibi akanigeuzia sikio la kulia.

Jumapili, 2 Februari

AMEWAKA. Moshi mweusi, kuku juu ya paa, mama yangu ametoka na mwiko mkononi akidhani banda linaungua. Nguzo zimechomelewa kwa bomba nene na kufungwa kwa boliti kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Bibi amezunguka, amezigonga kwa kifundo cha kidole, kila moja. "Kizimba kizuri," amesema. "Kwa kizimba."

Mkanda mweusi umefungwa kitini. Ameurusha nyuma ya kiti kama mkia.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Niko shamba la juu, nimekalia dumu la dizeli, naandika papo hapo.

Cheche ndiye aliyempandisha Mjomba mpaka huku. Kisha Bibi akapanda, akakaa, akatazama mteremko. Baba akasema, "Mama, mkanda." Bibi hakusikia, au hakutaka. Akalipigapiga madigadi la kulia kwa kiganja, pale palipolainika.

"Maktaba! Panda. Nani atanitazamia plau?"

Sijawahi kumkatalia Bibi kitu. Hata uji wa moto sana nilikuwa nakunywa. Lakini nguzo zinamkinga aliye kitini tu. Nikasema sipandi. Sauti ikatoka kama ya mbu. Ikabidi nizunguke mpaka upande wa kushoto, niseme tena, sasa kwa nguvu: "Sipandi, Bibi! Hapo hakuna mkanda! Nitatembea nyuma ya plau, ikikwama nitapiga kelele."

"Kelele zipi ulizo nazo wewe?"

"Nitazitafuta."

Hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama ile sehemu ya bati. Baba naye alikuwa anaitazama. Nikaona anapiga hesabu usoni: kiti, madigadi, mteremko uko upande gani. Tope upande mmoja. Akapanda kwenye ngazi ya Mjomba, mguu wa kwanza, wa pili. Akasema, nilimsikia juu ya injini: "Mama. Siku ile ulikuwa umekaa hapa?"

Nikarudi nyuma. Nimekuja kukaa huku kwenye dumu, si pazuri kusimama katikati yao. Cheche anakagua tairi ambalo ameshalikagua.

Bibi ameshika usukani. Anatazama mbele tu. Midomo ya Baba inasema kitu, sisikii. Sasa ameinua mkono, anamgusa begani, vile unavyomgusa mtu kumwambia pole. Mara moja. Mara mbili —

Bibi amezima injini!

Kimya kabisa. Baba ameutoa mkono kama aliyeungua, anadhani ameharibu kitu. Hajui! Ni mimi tu ninayejua, mimi na Bibi. Bibi hajageuka. Ila mkono wake wa kulia umekwenda nyuma ya kiti, nauona toka hapa, unapapasa polepole, unautafuta mkanda.