Kwa Baba Watoto, Aliyegusa Injini Kabla ya Kusalimia

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu ulipofumba macho kwenye kitanda chetu, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulipenda kusikia nje kukoje. Watoto wameniomba tangazo hili la kumbukumbu niliandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe muda mrefu kuliko wote. Nimekubali, lakini nitaandika kama ninavyosema.

Wengi wanakukumbuka ukiwa juu ya trekta lako dogo la kukatia majani, lile la zamani lenye usukani mkubwa kuliko injini yake. Ulipoacha kazi, kwa kuwa uwanja wetu ni mteremko mtupu na mgongo wako ulikuwa haupatani tena na fyekeo, ulisema tununue trekta, tena kuukuu. Nikakuambia kipya kinyemi. "Ingawa kidonda," ukamalizia. "Haya mapya ni plastiki tupu. La zamani ni chuma, na likiumia linakwambia linapouma."

Siku ya kulichagua siwezi kuisahau. Kwa muuzaji wa kwanza kulikuwa na jekundu, linang'aa. Mwenyewe akatupokea ameshanyoosha mkono. Ukaupita mkono wake, ukaweka kiganja juu ya injini.

"Mzee, hata salamu?"

"Salamu haichachi," ukamjibu. "Ila hii injini yako imeshakunywa chai kabla ya wageni."

Njiani ukanieleza. Injini mbovu huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo mwenye la kuficha huiwasha mapema, ipate moto, ili mnunuzi akifika iwake mara moja. Anayetaka kujua ukweli wa mashine aikute baridi.

Tulilonunua tulilikuta nyuma ya banda la mtu, kuku ametaga kwenye kiti. Nikakuuliza tumekuja kununua trekta au mayai. Ukalala chini na shati lako safi, ukagonga lile bati la chini linalofunika visu kuona kama limeliwa na kutu, ukatikisa magurudumu ya mbele, ukauliza kama spea zake bado zinapatikana. Rangi hukuitazama. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Ukaiwasha. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi, kisha ikatulia, nawe ukacheka peke yako. "Huyu hana siri," ukasema.

Ulilitunza kama mtoto mchanga. Ukimaliza kukata, ulikwangua majani mabichi kwenye visu kabla hayajakauka yakala chuma. Oili uliimwaga ikiwa vuguvugu, ndipo itoke na uchafu wake. Mkanda unaozungusha visu uliubonyeza kwa dole gumba kila ulipopita, kama mtu anayejaribu mkate. Trekta likiwa litakaa muda mrefu bila kazi, ulimaliza petroli yote isije ikageuka gundi kwenye kabureta. Ulipoona miguu yangu mifupi haifiki klachi, ulifunga kipande cha mbao kwenye pedali, ukasema tu, "Jaribu sasa." Na ulipokwenda kumkatia majani yule mjane jirani, ulianua kwanza nguo zake kambani zisirukiwe na uchafu, ukazikunja. Ulizikunja vibaya, lakini ulizikunja.

Hayo ni mema yako, na ni mengi. Sasa nakuja kwenye lile jingine.

Miezi ya mwisho niliona umekonda. Nikakuuliza, ukasema ni uzee. Nikirudi sokoni nilikukuta umekaa kwenye kiti cha trekta, injini inanguruma, mikono imejaa grisi. "Nimemaliza, mama watoto." Moyo wangu ukatulia. Nilijiambia mtu anayeweza kulala chini ya mashine na kuinuka hana ugonjwa wa kutisha. Nikakuletea beseni, nikakusugua vidole kwa sabuni na sukari, kimoja kimoja. Binti yetu, kitinda mimba, akipiga simu kutoka huko mbali aliko, akiuliza baba hajambo, nilimjibu, "Hajambo, yuko chini ya trekta lake."

Baada ya mazishi majani yalipanda. Nikamwita rafiki yako, yule fundi uliyembandika jina la Nati kwa sababu kila akimaliza kufunga kitu, nati moja inabaki mfukoni. Mwanetu wa kwanza naye alikuwepo. Trekta likagoma kuwaka. Nikasema labda Nati hajalizoea.

"Nisilizoee vipi, shemeji? Miezi yote ile si nilikuwa nalihudumia mimi!"

Akarudi nyuma hatua moja, kama aliyekanyaga mwiba.

"Miezi ipi?"

Akamtazama mwanao. Mwanao akatazama chini.

"Nati, nakuuliza wewe. Miezi ipi?"

"Tangu daktari amwambie hatapona," akasema polepole. "Hakuweza kuinama tena, shemeji. Nilikuwa nakuja ukishatoka. Nikimaliza, nampandisha kwenye kiti."

"Na ile grisi mikononi?"

"Alikuwa anachota kwenye mkebe, anajipaka."

"Mama," mwanao akaingilia, "baba alituapisha."

"Ninyi aliwaapisha," nikamwambia. "Mimi alinioa."

Baba watoto, wewe uliyenikataza mashine iliyopashwa moto, ulijipasha moto kila siku ili nikifika nikukute unawaka. Mwanao anasema ulitaka niendelee kucheka. Ni kweli, nilicheka. Leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu, kama mtu aliyecheza ngoma kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ningekuuguza. Mama yako nilimuuguza mimi, namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza naijua. Na mtoto wetu wa mwisho angepanda gari lolote aje akuone. Aliambiwa hujambo, tena kwa mdomo wangu, akafika kaburini. Ulinifanya nimdanganye mwanangu, na mimi mwenyewe sijui kama nadanganya.

Tangu alipoyajua hayo, binti yetu hasemi na kaka yake. Nati nilimfungia geti. Majani yamefika dirishani, na hiyo nyumba uliyotaka iwe na amani imekatika vipande viwili: walioambiwa na wasioambiwa.

Mwanao aliniletea maneno ya tangazo hili yakiwa yameshapangwa. Yalisema ulitutoka ghafla. Nimelifuta hilo neno. Kwa wengine hukutoka ghafla hata kidogo, na kwa sisi tuliobaki ulitoka ghafla kwa sababu ulichagua wewe iwe hivyo.

Nati nimemwambia aje. Si kwamba yamekwisha. Ila nimefikiri sana, nikaona alikuwa akiinua mtu mzima kama wewe, siku baada ya siku, na hakuna aliyemwambia ahsante. Atalihudumia trekta, nami nitakaa papo hapo kwenye kigoda mpaka amalize. Binti yako naye anakuja. Amesema hatampa kaka yake mkono. Nimemwambia aje hivyo hivyo, mkono wake auweke mfukoni, chakula kipo.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, ambaye hukuniambia. Kijana wako wa kwanza, ambaye ulimwambia ukamtwisha mzigo usio wake. Binti yako wa mwisho, ambaye hukumwambia. Nati rafiki yako, aliyejua na akaja kila siku. Pamoja na wajukuu zako wote, ambao nimewaketisha sebuleni wiki hii nikawaeleza kila kitu, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu humu ndani hakuna tena wa kufichwa.

Tutakukumbuka siku zote, baba watoto, hata zile ambazo bado hatujakusamehe.