Kigoda Nilichokifuta

Mwalimu Ombati,

Ningeanza kwa kukujulia hali, lakini hali yako naijua, udongo wa kaburi lako niliutupa mwenyewe. Leo nimekuja na kesi. Nimekosa mimi, na aliye hatarini ni mama yako.

Unaikumbuka ile picha ya Mama kwenye majani chai? Wiki nzima tulikuwa tumekaa tu studio pale Keumbu, mvua imefukuza wateja wa pasipoti, tukipekua picha za ajabu mtandaoni. Mzee ameshika jua kwa vidole viwili. Msichana anaoga ndani ya kikombe. Ng'ombe mzima amesimama kwenye kiganja cha mtoto. Ukaniambia, "Kwamboka, hawa hawatushindi kitu. Sisi tuna milima." Kesho yake asubuhi tukapanda Itumbe kwa mama yako. Tulipiga kwanza picha ya shamba tupu, kisha ukamsimamisha Mama juu ya kigoda chake cha kukamulia, katikati ya mistari ya chai, pekupeku, mwavuli mkononi. Mimi nilijibanza kando, nikivuta pindo la leso yake kwa uzi ili lionekane linapeperuka. Mama alicheka hadi mwavuli ukatikisika. "Uzeeni hivi mnanifanya ndege?"

Tuliporudi studio nilikifuta kigoda kwenye kompyuta, nikaufuta na uzi, nikaziba pengo kwa ile picha ya shamba tupu. Mama akabaki anaelea juu ya chai, ukungu chini ya nyayo zake. Ulinipigia makofi. Halafu ukasema, "Hii ni ya watu wa mbali. Hapa nyumbani tusiionyeshe." Nilikununia siku mbili, nikidhani unaninyima sifa. Kumbe ulikuwa unawajua watu wa kwenu.

Wiki tatu baada ya presha kukuangusha na kamera mkononi, uchungu ulinizidi, nikaiweka kwenye ukurasa wa studio. Niliandika tu, "Mama wa mwalimu wangu." Sikueleza kitu kingine. Nilitaka watu waone ulikuwa nani.

Ikatembea, Mwalimu! Ukurasa mmoja wa picha za ajabu za dunia uliichukua, wageni wakamwaga sifa kwa lugha nisizozijua. Ungefurahi wewe. Kisha ikarudi nyumbani, jina la studio limekatwa, na mtu ameandika juu yake: "Mchawi wa Itumbe anaswa akisafiri." Chini yake mwingine akaongeza, "Sasa tunajua mwanawe alikufaje."

Nisamehe. 

Unajua kwetu neno omorogi, mchawi, halitamkwi kwa mchezo. Likishamkalia mtu, halimtoki hadi achomwe moto. Na Mama ni mzee, anaishi peke yake, amezika mume na sasa amezika mwana, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Walikuwa wanangoja picha tu, nami nikawaletea.

Ilianza kimya kimya. Kwenye kituo cha kupimia chai wanawake walisogeza vikapu vyao mbali na chake. Sabato iliyofuata alikaa kanisani peke yake kwenye benchi zima, na yule dada aliyemshika mkono siku ya mazishi yako akaenda kukaa karibu na mlango. Jumatatu nikakuta picha imechapishwa na kugongwa msumari kwenye nguzo ya kituo, msumari umepita usoni. Hata kuchapisha hawajui, wamemfanya Mama wa manjano! Niliing'oa, nikaichanachana. Jumatano ilikuwa imerudi, na chini yake mtu ameweka kiberiti.

Nilikimbia kwa chifu. Akaniambia niifute. Nimeifuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki, iko kwenye simu ya kila mtu. Basi nikaenda kwenye kituo cha chai na picha ya asili, ile ambayo sijaigusa. Nikawaonyesha: kigoda hiki hapa, uzi huu hapa. Makori, jirani yenu, yule uliyempigia picha za harusi bure, aliitazama akacheka. "Kwamboka, kama unaweza kufuta kigoda, utashindwaje kukiweka?"

 Na kweli, naweza. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nilimwomba Mama aende kwa dada yako Nakuru. Alikataa katakata. "Nikitoka hapa watasema kweli nimeruka. Kaburi la mwanangu liko hapa, nami niko hapa." Akaendelea kuchambua mboga.

Ndipo jana, mchana kweupe, nikakibeba kigoda hadi shambani na kuwaita watu waje waone. Walikuja wachache, Makori akiwemo. Nikatega kamera kwenye miguu yake mitatu, nikavua viatu, nikapanda juu ya kigoda na mwavuli wako. Mama ndiye aliyevuta uzi. Nikafungua kompyuta mbele yao, nikafuta kigoda wakiangalia, hatua kwa hatua, nikaiweka picha mtandaoni papo hapo. Nilikuwa na hakika watacheka, tuyamalize. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho. Makori akatema mate kando, akaondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nimefungua simu. Chini ya picha yangu, neno la kwanza kabisa: "Kumbe wako wawili."

Mwalimu, naogopa. Sitakudanganya.  Studio nimeifunga, nguo zangu nimezileta Itumbe, na sasa nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda kile kile, mlangoni kwa mama yako. Yeye yuko ndani anasonga ugali wa watu wawili.

Pumzika sasa. Ulinionya sikukusikia, lakini hili nakuahidi na nitalishika: simwachi. Wakija, watatukuta wawili, kama walivyosema.

Mwanafunzi wako,
Kwamboka