Neno Nililoandika Kwenye Fomu Yako

Bi Zena, mwalimu wangu,

Shikamoo. Ni mimi, Tatu, yule uliyemfundisha kushika damu ya watu. Ndivyo ulivyopenda kusema, "kushika damu ya watu," si kupima. Siku yangu ya kwanza pale maabara, Kibaha, nilikuja na shahada mpya na kucha ndefu. Ulizitazama kucha, shahada hukuitazama. "Kata hizo, mwanangu, halafu njoo tufanye kazi."

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike Kurui. Mwanaidi, binti yako, amebaki pale nyumbani peke yake. Juzi alinipigia simu akasema alianza kuchimba ile mihogo yako ya nyuma ya nyumba, akashindwa, akaiacha ardhini. Jumamosi ni arobaini yako na nitakuja. Lakini kabla sijakaa mkekani na ndugu zako, kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Sikukuambia.

Unaikumbuka kazi ya watoto wa Gwata. Tulikusanya damu ya wachanga waliochanjwa chanjo ya kifua kikuu, na ya wale waliozaliwa nyumbani wakachelewa kuchanjwa. Mkuu wa mradi, tuliyemwita Dakta tu, alitaka kujua kama chanjo inaufundisha mwili kumtambua mdudu wa kifua kikuu. Basi. Wewe ukaongeza lako. Ulizitenga zile seli nyeupe zinazotangulia vitani, ambazo kila kitabu kilisema zinampiga yeyote anayeingia na hazimkumbuki yeyote. Ukaziwekea fangasi wa mdomoni, kitu kisichohusiana kabisa na kifua kikuu. Seli za watoto waliochanjwa zikamvamia kwa nguvu kuliko za wenzao.

Hukufurahi. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la mtandio, ukasema, "Hii haiwezekani. Turudie." Tukarudia. Tukarudia tena. Mara ya tatu ulikaa kwenye kile kiti chako cha plastiki, ukasema kwa sauti ndogo, "Tatu, hizi zinakumbuka."

Dakta alisoma karatasi zako akiwa amesimama. Akasema kumbukumbu ni kazi ya seli nyingine, zile zinazojifunza adui mmoja mmoja, na kwamba hilo lilishajulikana kabla sisi hatujazaliwa. "Hapa umeingia uchafu." Ukamjibu kwa adabu, mikono yako nyuma: "Dakta, vishimo vya sahani ya kupimia nilivyoviacha bila fangasi vimekaa kimya. Na seli za watoto wasiochanjwa zimetulia. Huo uchafu unachagua?"

Akaziacha karatasi zako mezani, akatoka.

Kesho yake aliniita mimi. Kulikuwa na fomu ya kufuta majaribio, na ilitaka saini ya mtu mwenye shahada. Wewe ulikuwa na stashahada na miaka ya kazi iliyokaribia umri wangu. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule. Kwenye nafasi ya sababu niliandika kwa mkono wangu: uchafu, kosa la mtaalamu wa maabara. Nikasaini.

Ndiyo, Bi Zena. Ni mimi.

Walikuhamishia kwenye vioo vya kupimia malaria, kuvipaka rangi na kuvianika kutwa nzima. Hukulalamika. Ulikaa miezi michache, ukafunga mizigo, ukarudi Kurui kulima. Mimi mkataba wangu uliongezwa.

Miaka ikapita. Watu wa mbali, wenye mashine ambazo sisi hatukuwa nazo, wakaona jambo lile lile. Chanjo moja, na seli za mwanzo zinaamka kwa wadudu wengine. Walipewa muda. Walibishiwa, wakarudia, wengine nao wakarudia, mpaka ikakubalika. Siku hizi nafundisha chuo, hapa hapa Kibaha, na jambo hilo limo kitabuni, kwenye sura ya kinga ya mwili. Inaelezwa kwamba ndani ya seli nyuzi za urithi zimesokotwa, na baada ya chanjo sehemu fulani hubaki zimelegezwa, kwa hiyo seli ikiitwa tena inawahi kujibu.

Kilichoniumiza ni jinsi lilivyoingia bila vurugu. Hakuna kilichobomoka. Zile seli zinazojifunza adui mmoja mmoja bado zina kazi yao, chanjo bado zinafanya kazi kama tulivyojua. Sentensi iliyosema "hazina kumbukumbu" imebadilishwa ikawa "zina kumbukumbu ya aina yake," na sura inaendelea. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Madam, kwa hiyo wa zamani walikosea?" Nikamjibu kwamba hawakukosea, walikuwa hawajamaliza. Akaandika kwenye daftari. Mimi nikatoka nje, nikasimama kwenye korido mpaka kipindi kikaisha.

Sitakudanganya tena. Majaribio yako peke yake yasingethibitisha kitu. Watoto walikuwa wachache, maabara ilikuwa moja. Dakta angesema "bado," angekuwa sahihi kabisa, na wewe ungekubali. Nami ningeweza kuandika "hatujaelewa." Nafasi kwenye fomu ilitosha. Neno hilo lingeiacha damu ya watoto wale kwenye friza, na siku moja mtu angeirudia. Neno langu liliipeleka kwenye tanuri la kuchomea taka za maabara.

Nilipopata habari kwamba moyo wako umechoka na miguu imevimba, nilipanda basi hadi Kisarawe, nikachukua bodaboda mpaka kwako. Nilikuja na karatasi ya utafiti niliyoichapa chuoni. Nilijiambia, leo namweleza. Mwanaidi alituletea chai. Nilikusomea, nikikutafsiria pole pole, na wewe umefumba macho.

"Kwa hiyo zinakumbuka," ukasema.

"Zinakumbuka, Bi Zena."

Halafu ukauliza, "Na yule aliyeandika kwamba nimechafua, ulipata kumjua?"

Nikasema, "Hapana. Mambo ya ofisi yale."

"Basi. Nilitaka kumuuliza tu aliona nini. Maana miaka yote hii nikilala najiuliza, labda kweli siku ile sikunawa vizuri."

Ulinawa, mwalimu wangu. Nilikuwa pembeni yako, nilikuona. Mara zote tatu ulinawa. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu, na nikayameza na chai. Nikakuaga, nikakuahidi kurudi. Niliporudi ulikuwa umefunikwa shuka.

Tangu hapo nimehangaika, na nakueleza ili ujue, si ili unisifu. Nilikwenda kutafuta madaftari yako. Maabara ilipohama jengo, makaratasi ya zamani yalichomwa. Nilimpigia Dakta. Amestaafu, ni mzee sasa, sauti yake ya upole. "Zena?" akasema. "Zena yupi?" Nilimweleza kazi nzima, akanisikiliza, akasema pole kwa msiba. Niliandika barua ya kusahihisha ile fomu, nikaipeleka masijala. Dada wa pale aliisoma yote, akaniangalia kwa huruma, akaniuliza aiweke kwenye faili gani. Faili halipo. Nikarudi nayo.

Hakuna tena mahali ambapo jina lako limeandikwa, hata hilo kosa la uongo. Nimefikiri kila njia na hakuna inayofika kwako. Ningekuambia walau wanafunzi wangu watakujua, lakini nikiwatajia jina lisilo na karatasi, wataliandika, watafanya mtihani, watasahau.

Ahadi niliyonayo ni moja, na ni ndogo. Jumamosi, dua ikiisha, nitamwita Mwanaidi chumbani nimwambie nani aliyesaini. Yeye huniita dada, na nadhani hataniita tena. Sitamwomba msamaha, maana wa kuombwa ulikuwa wewe, na nilikuwa nawe chumba kimoja.

Mola akupe huko utulivu ambao hapa mimi nilikunyima. Kwaheri, Bi Zena.

Tatu