Msimu Ujao, na Wewe Golini

Mpendwa ndugu yangu Mutua,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la mama limepunguza maumivu. Je, mvua imefika huko Mwingi, ama bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi niko. Nakula, nalala. Kazi ni ile ile ya kupanga katoni za kuku kwenye ghala la barafu. Nje jua ni kali kuliko letu, ndani navaa makoti mawili.

Uliniuliza mambo mawili kwa simu. La kwanza, nikutabirie msimu wa timu ya chuo, kama nilivyofanya kila mwaka tangu nikiwa mwanafunzi hapo. La pili, kama uache masomo uje huku ng'ambo, kwa kuwa wakala amekupatia nafasi ya kazi na anataka jibu mwezi huu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu huwa naishia kukuambia niko sawa.

Nianze na mpira. Kitui mjini mtawafunga nyumbani, mbili kwa moja. Uwanja unateremka kuelekea lango la upande wa barabara na wageni hawajui, kwa hivyo shambulieni upande huo kipindi cha kwanza, mpate mabao mapema. Na timu ya mji wa Wote mtatoka sare bila bao. Hao hucheza kama watu wanaolinda ndama asitoroke. Mechi na Sultan Hamud ni Jumapili, basi pointi hizo zihesabu zimeenda. Kocha ni shemasi, atasema vile alisema mwaka ule: "Hiyo ni siku ya Bwana. Wapewe points zao, sisi zetu ziko mbinguni." Hata hivyo mtamaliza wa pili na kuingia nusu fainali. Huko itafika penalti, na kwa penalti nakuamini wewe peke yako. Yule kipa wa akiba hufunga macho mpira ukija. Ukiondoka, mtatolewa hapo.

Sasa la pili. Ile video uliyonitumia ukiokoa penalti dakika ya mwisho, watu wakimwagika uwanjani, nilikujibu kwamba nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Sikuruka. Niliitazama mara tatu nikiwa nimekaa, nikingoja furaha ije, na haikuja. Mimi ambaye nilikuwa nikipoteza sauti wiki nzima kwa ajili ya timu hiyo. Nikaweka simu chini, nikaendelea kukunja nguo.

Hakuna aliyenipiga, Mutua, na mshahara unakuja. Mwaka wa kwanza niliumia kila siku, nilikuwa nikilia chooni. Halafu nikaacha. Baba mdogo alipofariki, habari zilinipata asubuhi nikiwa kazini. Nilimaliza zamu, nikala wali wangu wote. Kwa hivyo utabiri wangu kuhusu safari yako ni huu: ukija, utazoea. Hilo ndilo ninaloliogopa, na hata huo uoga naujua kwa akili tu.

Usije. Maliza chuo, cheza msimu wako.

Najua mama amesimama kanisani kushukuru kwamba Bwana anafungua mlango wa pili, na kwamba picha yangu kando ya lile gari bado iko ukutani. Gari si langu, wala la mtu ninayemjua. Nililikuta limeegeshwa. Kosa hilo ni langu, si lako, na sitaki ulibebe. Msomee barua hii yote, polepole, kwa Kikamba, wala usiruke mahali.

Nisalimie shangazi Mwikali, anayekaa na mama siku za soko, na mjomba Kilonzo, aliyetubeba wote wawili kwa baiskeli kwenda kutazama mechi yetu ya kwanza. Mama akianza kulia, usimnyamazishe. Afadhali mmoja wetu alie.

Ni mimi, kaka yako,
Kyalo