Picha Zilizoanikwa na Karafuu

Wawi,
Chake Chake, Pemba.
21 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Mwanawema,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Goti lako limepoa, au bado lakusumbua ukipanda ngazi za hapo Maskati? Sisi wazima. Bibi anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutugombeza ipo pale pale. Mikarafuu imezaa, uwanja mzima ni majamvi, hata pa kukanyaga hapana.

Kamera yako ya zamani, ile itoayo picha papo hapo, imefika, na lile boksi la filamu zilizopita muda wake. Nilifurahi mpaka niliposoma jina juu ya mzigo: Ruweida. Shangazi, mimi ndiye ninayekuandikia barua. Ruweida wa Baba Mdogo hukupigia simu tu, mkacheka, yakaisha. Nikampa mzigo wake. Wanijua, maneno yangu hutoka kwenye kalamu.

Filamu zilikuwa nane. Ruweida akanipa karatasi ya maelezo. "Hebu soma weye, Kiingereza chako kimenyooka." Nikasoma. Imeandikwa picha ikitoka tu ifichwe, isione mwanga mpaka itulie. Nikamwambia, "Wanasema filamu ni za zamani, ujaribu bahati yako."

Ya kwanza ilitoka ya kijivu, kama kitu kibichi. Akaenda kuianika juani, jamvini, katikati ya karafuu. Ikawa nyeupe kama maji ya mchele. Akajaribu kupiga kivulini, akajaribu mlangoni, akajaribu kuwasogelea watu. Zote akazianika. Kaka Jabir akawa anamcheka: "Zigeuze, Ruweida, zitaungua upande mmoja!" Nami nikacheka. Alipiga nyumba nzima, hata mbuzi. Mimi hakuniita.

Ya saba ilikuwa ya Bibi, ile uliyoiomba. Kupigwa picha kwa simu hataki, anasema simu zina mdomo, zapeleka sura yake kwa watu. Kamera yako aliikubali kwa kuwa picha ni moja tu na inakuja kwako. Akavaa kanga uliyomletea, akakaa. Pale jamvini niliona pindo la kanga linaanza kutokea, kisha shavu. Ningeweza kulifunika kwa kiganja changu. Sikulifunika. Jua likammeza Bibi.

Ruweida alilia. Kisha akanifuata jikoni na kamera yake.

"Imebaki moja. Nilikuwekea weye tangu mwanzo, nikasema nijue kwanza kupiga."

Akapiga. Picha ilipotoka niliidaka, nikaitia chini ya mtandio.

"Mbona waificha?"

"Najaribu tu."

Ndiyo hiyo humu ndani. Ina rangi ya chai, ina madoa ubavuni, lakini uso ni wangu, macho yote mawili. Wewe uliomba wa Bibi. Ruweida anamwambia kila apitaye kwamba mkono wangu una baraka, na mimi kila nikimsikia wivu wanipanda upya: moyo kama ule kaupata wapi?

Bahasha bado sijaifunga. Kwanza nitampa Ruweida aisome barua hii, maana kwa mdomo sitaweza. Ikikufikia, ujue ameshaisoma.

Nisalimie Mzee Talib na Suhail. Mola akuponye goti, akulete umwone Bibi kwa macho yako, bila kamera ya mtu.

Mwanao akupendaye kuliko anavyoweza kusema,
Moza