Kwa Nsimire, Niliyemtoa Kikundini

Nsimire, mwana wangu,

Najua utacheka kabla ya kufika mstari wa tatu. Ulizoea kuniambia mimi shangazi yako, "Tantine, unaandikaka sawa unaandikia askofu!" Basi vumilia. Miaka mingi naandika procès-verbal, kumbukumbu za mikutano ya wakubwa pale chuoni, na Kiswahili changu cha barua kimevaa tai, hakijui kuivua. Ukikutana na neno kubwa, lisome kwa sauti yako, litapungua.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu telefone imekataa. Kila ujumbe ninaokutumia unabaki na alama moja tu. Wewe ndiye uliyenifundisha: moja, umetoka kwangu, mbili, umefika, zikigeuka bleu, mtu amesoma. Miezi mitano sasa naangalia ile moja. Mwanzoni nilijidanganya kwamba huko Kamanyola rezo, mtandao, ni shida. Kisha jirani yetu Maman Riziki akanionyesha picha ya mpunga wa mama mdogo wako, uliyomtumia juzi tu. Kumbe rezo ipo. Mimi ndiye umenifungia mlango.

Huku Cimpunda mambo ni yale yale. Mvua imekula tena ngazi mbili za udongo mbele ya nyumba, na mimi nashuka nikishika ukuta wa watu, maana bega lako halipo. Mkono wangu nao ni mjinga: bado unapima bugali ya watu wawili. Asubuhi nakula ile iliyolala, nimekaa peke yangu kwenye meza, na kiti chako nimekiwekea mkoba ili kisionekane kitupu. Ninajisikia vibaya, Nsimire. Sina njia nyingine ya kulisema.

Unakumbuka siku ya maparachichi? Ulikuwa na miaka kumi, mwaka mmoja tangu tumzike mama yako, na baba yako, kaka yangu, alikuwa ametangulia zamani. Tulikuwa soko la Kadutu. Yule mama muuzaji akakushika mkono, akapaza sauti, "Mwizi! Huyu mutoto ameiba avoka yangu!" Watu wakajaa. Wewe hukulia. Uliniangalia tu. Nikaweka kikapo chini, pale pale kwenye matope, sambaza zote, samaki wetu wadogo, zikamwagika, nikamwambia, "Umeona na macho yako? Basi tafuta kwanza!" Sijui sauti ile ilitoka wapi, mimi mtu wa kuandika yanayosemwa na wengine. Parachichi lilikuwa chini ya gunia lake mwenyewe. Nikasimama hapo mpaka akakuomba pardon mbele ya wote, kwa sababu alikuita mwizi mbele ya wote.

Njiani ulibeba kikapo wewe, kikiwa kizito kuliko wewe. Ukasema, "Tantine, uliweka kikapo chini juu yangu, kwa kunitetea." Tangu hapo yakawa maneno yetu. Nikianza kukasirika pale bombani, unanivuta kitenge: "Tantine, kikapo! Leo usiweke chini!" Tunacheka mpaka watu wanatuona wapumbavu.

Ndiyo maana ile Jumapili inaniuma zaidi. Ulikuwa na sababu ya kuningoja.

Nitaieleza yote, hata kama uliijua kabla yangu, kwa sababu barua hii hutaisoma peke yako. Koko, bibi yako, alipokufa, tulifungua kikundi cha WhatsApp cha kilio chake: nani analeta viti, nani bâche ya kufunika uwanja, nani anapokea wageni wa Kasha. Nikawa administrateur, msimamizi wake, maana katika ukoo huu kukiwa na karatasi au orodha, wanamwita secrétaire. Wewe tulikuingiza ukiwa na miaka kumi na sita kwa sababu ulikuwa unachapa programu ya misa. Kilio kikaisha, kikundi hakikufungwa. Picha ya Koko na kitenge chake cha Pasaka ikabaki pale juu, na chini yake wanaume wakahamishia siasa, na uvumi, na tangu mji wetu uingie katika haya ya bunduki tuliyomo, picha za maiti. Picha zisizofunikwa, na swali chini: "Nani anamujua huyu?"

Kisha Ansima, binti wa Maman Riziki, miaka sita, akachukua telefone ya mama yake atazame katuni. Alikuja kwetu akakuuliza kama dada yake mkubwa, "Yaya Nsimire, bale batu banalala mu barabara, habasikie baridi?" Nilikuwa jikoni, nilisikia. Nikaendelea kukatakata lengalenga.

Wewe hukuendelea. Jumapili ile baada ya misa uliandika kikundini, na nimeyaweka maneno yako: "Ba papa na ba maman, heshima kwenu bote. Naomba tuache kutuma picha za maiti humu. Batoto banashikaka telefone zetu. Ansima ameona." Ni hayo tu. Hakuna tusi, hakuna kidole cha kumnyooshea mtu. Mimi ninayesahihisha barua za maprofesa sikuona pa kusahihisha.

Tonton Faustin akatuma sauti: "Eh! Tangu lini? Sikio haipitake kichwa!" Vidole gumba vikamiminika. Nyuso za kucheka. Mwingine, ambaye leo sitamtaja kwa sababu anajijua, akaandika, "Njo vile mutoto anakomaaka bila mama." Na hata hiyo ilipata vidole gumba, Nsimire. Kutoka kwa watu waliokula ubatizo wako.

Mimi nilikuwa saloni ya nyumba. Wewe ulikuwa chumbani. Kati yetu ni ile rido, pazia la maua tulilolishona pamoja, basi. Nikaandika: "Mtoto amesema kweli. Tuache." Nikayaangalia. Nikaona ni makavu, nikaongeza heshima mbele. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafikiri: Faustin ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, ndiye aliyesimama nami kaburini kwa kaka yangu. Nikafuta. Hapo akaandika, "Administrateur, umutoshe huyu mutoto, ajifunze adabu." Nikakutoa. Kidole kimoja, mara mbili, ukawa nje.

Naapa mbele ya Bikira Maria, nilijiambia nakufunika. Nilisema: asisome tena, inatosha. Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilimwogopa Faustin, mtu aliyekuwa amekaa kule mtaa wa Nguba mbali na macho yangu, kuliko nilivyokuogopea wewe uliyekuwa nyuma ya rido.

Ulitoka. Hukulia, kama sokoni. Ulisema, "Tantine, niliona unaandika. Nilingoja." Nikajibu nini? Nikajibu, "Njoo ule, chakula kinapoa." Yesu Maria! Mtu mzima, mwenye diplôme ukutani, akasema chakula kinapoa. Wiki iliyofuata ulikwenda kwa mama mdogo kwa mapumziko ya shule, na mapumziko hayajaisha.

Nimefikiri sana katika miezi hii, maana kazi nyingine jioni sina. Sokoni kila mtu mzima anajua ni mtu mzima. Mtoto akionewa, hata mpita njia atauliza. Lakini mle ndani ya telefone tumekaa zaidi ya hamsini, wazee, makatekista, walimu, na watoto wetu katikati yetu, na kila mmoja anadhani mkubwa ni mwingine. Wewe ulitukumbusha wajibu wetu, tukakujibu kama genge. Na aliyekuwa na ufunguo wa nyumba ile ni mimi. Administrateur! Nilidhani ni kazi ya kuingiza majina.

Basi leo baada ya misa nimenakili barua hii yote mpaka hapa na kuituma kikundini. Ulidhalilishwa mbele ya wote, kwa hiyo pardon nayo ni mbele ya wote. Hiyo ni sheria ya maparachichi. Maman Riziki, aliyekuja kukaa nami, akanimiminia chai.

Sitakuficha yaliyofuata. Alama zikageuka bleu. Nikaona jina la Tonton Faustin, na pembeni yake kwamba anaandika. Nikakaa kwenye kiti nikingoja. Anaandika. Ananyamaza. Anaandika tena. Chai ikapoa. Nilikuwa nimeishika ile telefone kwa mikono miwili kama mtu anayeshika bakuli la kuombea, nikisema moyoni, sema basi, neno moja tu, hata likiwa baya. Kisha akaacha. Hakutuma kitu. Akatoka kikundini.

Ndipo nikajua ulichokipata pale nyuma ya rido. Na wewe ulikuwa unamngoja mtu unayempenda.

Maman Riziki peke yake ameandika, "Aksanti." Yule aliyemtaja mama yako amefuta maneno yake. Hajaomba pardon, amefuta tu, lakini mimi nimeyaandika, na kuandika ndiyo kazi yangu. Nimeweka kanuni moja: hapa hakuna picha ya maiti. Atakayeituma nitamtoa, awe mkubwa wa nani. Sitakuingiza tena bila ruhusa yako. Nadhani huenda hukutamani kamwe kukaa mle.

Barua hii anakuletea mama mmoja anayeshuka Kamanyola kila siku ya soko. Nimeweka na kitenge chako cha kijani, ulikisahau kwenye kamba. Ukipenda kunifungulia telefone, fungua. Usipopenda, nitaandika tena kwa karatasi, na tena, Kiswahili changu cha tai kikuchoshe hadi ucheke.

Sitasema urudi. Nasema tu kwamba nimechelewa miezi mitano, lakini kikapo nimekiweka chini, Nsimire. Kiko matopeni hapa, na peke yangu siwezi kukiinua.

Ubaki salama, mwana wangu.

Ni mimi, tantine wako wa Cimpunda